Mikate ya Watu Wawili

Kanisani kwetu mkate wa Meza ya Bwana haununuliwi dukani. Unaokwa na watu wawili, na hao wawili lazima wawe waligombana. Sijui nani alianzisha utaratibu huu, lakini bila shaka alikuwa mtu asiyejua kuoka, maana hakuna kazi ngumu kama kukanda unga na mtu usiyetaka hata kumtazama usoni. Mmoja analeta unga, mwingine analeta moto. Kabla ya kuingia jikoni mnasimama mbele ya mchungaji, anawauliza, "Mmepatana?" nanyi mnajibu, "Tumepatana." Mkate wenyewe hauonjwi mpaka uvunjwe mezani. Hao wawili wakishindwa kupatana, basi hakuna mkate, na kanisa zima linakaa bila Meza.

Mimi ni mwoka mikate. Duka langu linatazamana na mlango wa kanisa, barabara tu iko katikati. Wananiita Mama Tanuri, na si kwa sababu ya kazi peke yake, mdomo wangu nao una moto. Ufunguo wa kanisa ninatunza mimi, kwa kuwa ninaamka kabla ya watu wote na kwa kuwa sipotezi vitu. Hata sindano ikidondoka dukani mwangu nitaipata kabla ya jioni.

Miaka minane iliyopita tuligawanyika kwa sababu ya kinanda. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nusu yetu walitaka kinanda kwenye ibada, nusu wakasema sauti alizotupa Mungu zinatosha. Neno likazaa neno, na Jumapili moja nusu ya kanisa ilibeba kinanda chake ikashuka nacho barabara nzima hadi kwenye ukumbi ulio jirani na karakana ya magari. Sisi tukaitwa watu wa Juu, wao wakaitwa watu wa Chini. Kaka yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, alishuka pamoja nao. Alikwenda na mkewe, fundi cherehani, na binti yao aliyekuwa na miaka saba. Hakuniaga.

Mwaka uliofuata kaka alianguka kazini, na hakuamka tena. Wifi yangu alituma mtu kuniomba nifungue kanisa ili mumewe aombewe ndani, kwenye jengo alilobatiziwa. Mchungaji wetu alikuwa safarini, hivyo uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Nikasema ufunguo umepotea. Nilisema hivyo huku umo mfukoni mwangu, kwenye gauni langu jeusi. Jeneza liliwekwa nje ya mlango uliofungwa, mvua ikaanza kunyesha, na wanaume wa karakana wakashika turubai juu ya kaka yangu mpaka sala ikaisha. Kesho yake nikatangaza kwamba ufunguo nimeuokota kwenye pipa la unga. Watu wakaamini. Mimi na wifi hatukusemezana tena miaka saba.

Sasa, wachungaji wetu wawili ni watu wa ajabu. Wetu alikuwa dereva wa lori zamani, na bado anahubiri kama mtu anayepanda mlima na mzigo mzito. Tunamwita Mchungaji Dereva. Wa Chini ni mrefu, mwembamba, anafundisha hesabu shuleni, na wote humwita Mwalimu. Bila kutuuliza, wakaanza kukutana kila Alhamisi kuomba pamoja. Baada ya mwaka mmoja wakatuambia wamefika mahali pa kutuhusisha na sisi: tutashiriki Meza pamoja Jumapili moja, kwenye jengo la zamani, na ikienda vizuri tutakuwa kanisa moja tena. Siku hiyohiyo vijana sita wangepokelewa Mezani kwa mara ya kwanza. Mmoja wao alikuwa binti wa kaka yangu.

"Mkate ataoka Mama Tanuri na wifi yake," akasema Mchungaji Dereva.

Nilitaka kukataa. Lakini mtoto wa kaka alikuwa amesimama pale mlangoni, ana miaka kumi na tano sasa, na ana pua ya kaka yangu. Nilikuwa nimempoteza mtoto huyu kwa hiari yangu. Kama Jumapili ile ingeharibika, watu wa Chini wangeshuka na kinanda chao kwa mara ya pili, na binti yule angenijua kama yule mwanamke wa mikate wa ng'ambo ya barabara mpaka siku ya kunizika. Nikasema sawa.

Jumamosi mchana wifi alikuja na unga wake kwenye mfuko wa kitambaa, umeshonwa vizuri mpaka mtu akaona wivu. Tukasimama mbele ya Mchungaji Dereva.

"Mmepatana?"

"Tumepatana," tukasema kwa pamoja, macho tumeyaelekeza kwenye viatu vyake.

Tukaingia jikoni, tukafanya kazi kwa muda wa saa nne bila kutoa hata kikohozi. Yeye alitaka maji, akayachota. Mimi nilitaka beseni, nikazunguka nyuma yake kulichukua. Alipotoka kunawa, nikatia chumvi kwenye unga, kwa kipimo cha mikate sita, kama ninavyotia kila siku. Nilijiambia kwamba siwezi kumwuliza kama ametia, na kwamba mwanamke wa kushona nguo atakumbuka wapi mambo ya chumvi. Nikaenda kuangalia moto. Donge lilichelewa sana kuumuka, na mimi, niliyeoka miaka ishirini na sita, ninayejua kabisa kinachochelewesha donge, nikalaumu unga wake. Mikate ilitoka mizito, imekaa chini, haina furaha. Nikaifunika kwa kitambaa safi, wifi akakunja mfuko wake akaenda.

Jumapili watu walijaa. Watu wa Juu tulikaa kushoto kwenye mabenchi yetu ya kijani, watu wa Chini wakakaa kulia kwenye mabenchi waliyoyaleta kwa mkokoteni, ambayo hayajapakwa rangi, na katikati palikuwa na njia pana ya kupitisha gari. Kwaya mbili zilikaa mbele zinatazamana kama timu za mpira. Kinanda kilikuwepo. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa akikitazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. Vijana sita walisimama karibu na meza, binti wa kaka mwishoni, kwenye gauni jeupe lenye mishono midogo ambayo sikuhitaji kuuliza ni ya nani.

Mchungaji Dereva aliinua mkate, akashukuru, akauvunja. Kwa desturi, wachungaji huonja kwanza. Akatia kipande mdomoni, akatafuna mara moja, akasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingiza gurudumu la mbele kwenye shimo. Akampa Mwalimu kipande. Mwalimu alitafuna, akameza kwa taabu, macho yakaanza kumtoka machozi.

"Jamani," akasema Mchungaji Dereva, "waoka mikate wetu waje mbele."

Tukaenda. Yeye kutoka kulia, mimi kutoka kushoto.

"Nataka kuuliza jambo moja tu. Nani alitia chumvi?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema wifi.

Tulisema kwa wakati mmoja. Ndipo tukatazamana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, na nikaona kwamba ameelewa sekunde ileile niliyoelewa mimi. Kwenye mabenchi kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwaya zote mbili, kikafika mpaka nyuma. Kisha kikafa chenyewe, maana watu si wajinga.

"Kwa hiyo jana hamkusemezana," akasema Mwalimu taratibu, kama anayesahihisha daftari. "Hata neno moja. Watu waliosemezana wangeulizana habari ya chumvi."

Kulia niliwaona watu wa Chini wakianza kukusanya mikoba yao. Kushoto yule mzee wa kinanda alikuwa amekwisha kutikisa kichwa, kana kwamba alijua tangu mwanzo. Dada mmoja wa kwaya yetu akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Si atumwe mtu akalete mkate wa dukani, tumalize?" Kweli, rafu zangu zilikuwa na mikate kumi na miwili iliyookwa vizuri kabisa. Binti wa kaka hakunitazama mimi wala mama yake. Alikuwa anautazama mkate uliovunjwa, na kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Walionizunguka wanajua, na mume wangu anajua zaidi. Lakini kidevu kile kilinishinda.

"Tulidanganya," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hatujapatana. Tulimjibu mchungaji uongo, na mkate umetusema. Wa dukani hapana, mimi ndiye mwenye duka na ninakataa. Tupeni muda tuoke mwingine. Matofali ya tanuri bado yana joto la jana. Tukianza sasa hivi, saa nane mchana mtakula."

"Saa nane!" mtu mmoja akasema nyuma. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Anayetaka kwenda aende," akasema Mchungaji Dereva, akakaa kwenye ngazi ya meza, akavua koti. "Mimi nimeshawahi kusubiri daraja siku tatu."

Wifi alishika njia ya mlango, akavuka barabara, na mimi nyuma yake nikifunga aproni. Sikugeuka kuona nani anaondoka. Niliogopa kugeuka.

Jikoni nilifungua dirisha linalotazama kanisa, kwa sababu ya moshi, nikatia kuni. Wifi akamimina unga kwenye beseni. Nikamimina maji na hamira. Mikono yetu minne ikaingia kwenye donge moja, na hapo yeye ndiye aliyeanza.

"Mtoto alipougua homa wiki tatu, hukuja."

"Sikuambiwa."

"Mtaa mzima ulijua! Mpaka wateja wangu walimletea juisi. Wewe ulikuwa hapa unauza mikate."

"Na wewe ulimpa mtoto cherehani ya mama yangu bila kuniuliza."

"Mama yako alinipa mimi! Kwa mkono wake! Ulikuwepo!"

Nilikuwepo, kweli. Nikapiga donge kwenye ubao. Tulianza kupandishiana sauti, na sitasema yote yaliyosemwa, maana mengine yalihusu sufuria. Niligundua kitu cha ajabu, kwamba nilikuwa naona raha. Miaka saba nilikuwa nimegombana na mtu huyu kichwani mwangu, na kichwani alikuwa hanijibu vizuri hivi. Tulivurumishiana maneno mpaka tukaishiwa yale madogo, na likabaki lile moja. Donge lilikuwa limeshakuwa laini. Mikono ilikuwa haina kazi tena, lakini hakuna aliyeitoa.

Nikapiga moyo konde.

"Wifi. Ule ufunguo haukupotea. Nilikuwa nao."

Hakushtuka. Aliendelea kulitazama donge.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulikuwa mfukoni mwako. Ulipoinama kutupa udongo kaburini, ufunguo uligonga jiwe, nikausikia. Ulikuwa kwenye gauni jeusi nililokushonea mimi. Mfuko ule wa ndani, wa kushoto, niliuweka kwa mkono wangu kwa sababu ulilalamika kwamba vitu vinakudondoka. Nikajua ni mfuko upi, na nikajua ni chuma gani."

Nikashika ukingo wa ubao.

"Miaka saba ulijua? Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila Krismasi nasema labda mwaka huu. Nimechoka kukungoja, wifi. Mume wangu alilowa. Turubai lilikuwa limetoboka upande wa miguuni, na mimi nilikuwa nayatazama maji yanavyoingia kwenye mbao nzuri, na wewe umesimama pale na ufunguo. Kwa nini?"

Ningeweza kusema sababu za kanisa. Ningeweza kutaja kinanda.

"Kwa sababu aliondoka hakuniaga," nikasema. "Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kuandika jina lake, halafu akapita mbele ya dirisha hili na kinanda begani, hakusimama. Nilitaka na yeye asimame mlangoni akose pa kuingia. Nikamfungia maiti. Nimemfungia maiti, wifi, na sijalala vizuri tangu siku ile. Nisamehe. Sina neno jingine."

Nililia kama mtoto, makamasi na yote, juu ya aproni safi ya Jumapili. Wifi naye alilia, lakini kwanza alinipiga. Alinipiga begani kwa ngumi yenye unga, mara mbili, kwa nguvu za mtu anayesukuma cherehani siku nzima, na nilizistahili zote mbili. Kisha akanishika shingoni, paji la uso wake likagusa langu.

"Alitaka kukuaga," akasema. "Aliogopa mdomo wako."

Nikacheka katikati ya kilio, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Tukakaa hivyo mpaka akajitoa, akafuta uso kwa kiwiko, akalitazama donge.

"Chumvi," akasema. "Umetia?"

"Bado. Wewe?"

"Bado."

"Basi tia wewe."

"Tia wewe, ndiye fundi. Mimi nakuona."

Nikapima, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza tena kama ameona, akasema ameona. Tulifunika donge, na hapo ndipo tulipogundua kwamba nje kuko kimya kabisa. Nikachungulia dirishani. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama kwingine. Dirisha lilikuwa wazi tangu mwanzo. Walikuwa wamesikia kila kitu, pamoja na habari za sufuria.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mchungaji Dereva, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara miguu ameinyosha, aliinua tu mkono akasema, "Endeleeni na kazi, donge halingoji mtu," na mtu mmoja akaanza wimbo. Ilikuwa sauti ya kike kutoka kwaya ya Chini. Wanaume wetu wenye sauti nzito wakaudaka, na kinanda kikatolewa nje kwa waya mrefu uliochomekwa dukani kwangu. Donge liliumuka vizuri, limejaa, linacheka. Wifi aligawa vipande sita kwa macho tu, vyote sawa, kwa jicho la mtu anayekata vitambaa.

Saa nane kasoro robo tulitoa mikate. Ilikuwa myepesi, rangi ya asali, na harufu yake ilifika barabarani kabla yetu. Tulipotoka na sinia, yeye amelishika upande mmoja na mimi upande mwingine, nikathubutu kuhesabu watu. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Nasema hakuna hata mmoja. Mabenchi walikuwa wameyatoa nje kufuata kivuli, na kivuli kilipokuwa kinahama nao walihama, mpaka ya kijani na yale yasiyo na rangi yakachanganyika, na watu wa Juu walikuwa wamelaza watoto wa watu wa Chini mapajani. Njaa ilipowazidi walikula ile mikate sita ya chumvi, yote, wakamaliza na tangi la maji. Yule mzee wa kwetu alikuwa amekaa kando ya mpiga kinanda, anamwonyesha kwa kidole mahali alipokosea.

Tulifika mlangoni mwa kanisa. Mlango wetu ni wa mbao mbili zinazokutana katikati, na siku zote hufunguliwa mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto hufunguliwa wakati wa harusi, au wa kupitisha jeneza. Wifi alisimama. Niliona anautazama ule wa kushoto, na nikajua anachokiona.

"Shika sinia," nikamwambia mtoto wa kaka.

Nikaingia ndani nikalivuta komeo la kushoto. Lilikuwa na kutu, halikutoka. Nikalivuta kwa mikono miwili, nikalitukana kidogo, Mungu anisamehe. Fundi mmoja wa karakana ya Chini alikuja na nyundo, na nikamtambua, alikuwa mmoja wa wale walioshika turubai. Alipiga mara tatu. Komeo likaachia, nikausukuma mlango wa kushoto mpaka ukagonga ukuta, na jua lote la saa nane likaingia kanisani mpaka mezani.

Kisha nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa ule ufunguo mbele ya watu wote, nikamwekea wifi yangu kiganjani.

"Utautunza wewe," nikasema.

Aliufunga kiganjani. Watu wa Juu na watu wa Chini walipiga vigelegele, na vigelegele vile sikuwahi kuvisikia hata kwenye harusi yangu. Tukaingia kwa mbao zote mbili, upana wote, kinanda mbele. Hakuna aliyekumbuka upande wa kukaa.

Mchungaji Dereva alivunja mkate. Alionja, akafumba macho, akampa Mwalimu, na Mwalimu akatabasamu. Vijana sita wakapokea, binti wa kaka wa mwisho. Alitafuna polepole, akageuka akanitafuta kwenye umati, na ingawa Mezani watu hawasemi, yeye alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma.

"Shangazi, leo chumvi imekolea vizuri."

Nikamjibu kwamba mama yake ndiye aliyenisimamia.